Mpigie Yule Pale

Katika pikoboli ya wawili wawili, asiyejua ndiye anayecheza zaidi. Wapinzani wakishamjua mnyonge, mpira wote ni wake, na fundi anabaki amesimama upande wa pili kama mgeni aliyepewa kiti akasahauliwa chai. Nyumbani kwetu fundi ni mke wangu. Mimi ndiye ninayetoka jasho.

Tunacheza Kent, kusini mwa Seattle, katika jimbo lile lile la Washington ambako mchezo huu ulizaliwa mwaka 1965, kisiwani Bainbridge. Joel Pritchard, ambaye baadaye aliingia Bunge la Marekani, na rafiki yake Bill Bell walikuwa na watoto waliochoshwa na likizo, na kiwanja cha badminton kisicho na vifaa kamili. Wakachukua vibao vya tenisi ya mezani na mpira wa plastiki wenye matundu. Ni mchezo wa kuwatuliza watoto, basi. Siku hizi wanaoucheza ni watu wazima wenye alama za DUPR, yaani za kupima kiwango cha mchezaji, kuanzia 2 hadi 8, na wapo wanaokutajia alama zao kabla ya jina.

Pale kwetu utaratibu ni foleni. Unaweka kibao chako kwenye uzio, na vibao vinne vya mbele vinaingia na wenyewe. Kibao hakina cheo, kwa hiyo haki inatendeka, isipokuwa kuna bwana mmoja ambaye kila kibao chake kikikaribiana na changu huinama kufunga kamba mpaka wengine wampite. Viatu vyake havina kamba.

Mzee anayesimamia zamu akaleta vibanio vya nguo vya kubana kwenye mpini: kijani kwa wanaoanza, njano kwa wa kati, nyekundu kwa mafundi. Vya njano vikaisha kabla jua halijapanda. Wanaoanza walivichukua kwa kujiamini, mafundi kwa unyenyekevu ambao mimi siuamini hata kidogo. Mke wangu akanichagulia cha kijani.

"Chukua hiki, baba watoto, kinaendana na fulana."

Kisha likaja agizo la huruma: mafundi wawapigie polepole wanyonge. Kijana mmoja alilitii kwa moyo wote. Alinirushia vipira vya kubembeleza, mimi nikavitoa nje, naye kila mara akasema, "Umejaribu vizuri!" Afadhali angenipiga navyo kifuani. Tena huruma ina gharama, na anayeilipa ni aliye kwenye uzio. Mchezo ni pointi 11, na lazima umzidi mwenzio kwa 2. Ukichinjwa haraka unatoka, wengine wanaingia. Ukihurumiwa, watu wanasubiri, wanakohoa, wanatazama saa.

Mzee akajaribu njia ambayo naona ina akili zaidi: kila upande fundi mmoja na mnyonge mmoja, na fundi ampigie fundi mwenzake. Ilienda vizuri mpaka 9 kwa 9. Hapo fundi wa upande wa pili alinitazama, akaomba radhi kwa macho, akaniletea mpira miguuni.

Juzi akaja mgeni, kibao chake bado kina kibandiko cha bei. Tukapangiwa yeye na fundi mmoja mwenye kibanio chekundu. Mke wangu akaninong'oneza, "Mpigie yule pale." Nami, kwa mara ya kwanza tangu nianze mchezo huu, nilikuwa na mtu wa kumpigia. Maskini alikimbia kushoto, akakimbia kulia, akaingia jikoni, yaani lile eneo la futi 7 kutoka kwenye wavu ambamo hairuhusiwi kuupiga mpira kabla haujadunda, akaupiga humo humo. Tukawashinda 11 kwa 2.

Alitoka fulana imelowa, anacheka peke yake, akauliza kibao kinawekwa wapi ili aingie tena. Mwenzake hakuwa na tone la jasho, na alikuwa amenuna.