Mjomba Mjuzi Anajibu: Joka Moja, Vitabu Tisa

*Mjomba Mjuzi, shikamoo. Mchumba wangu kaniazima kitabu cha kwanza cha Naomi Novik, hadithi ya vita vya Napoleon ila humo mna majoka. Vitabu viko tisa! Nimekwama ukurasa wa 20 na Jumapili ataniuliza. Nisaidie. – Msinziaji, Morogoro*

Marahaba, mpwa wangu. Umefika kwa mwenyewe. Mtaani kwetu hakuna anayenizidi katika hadithi hii. Kitabu cha kwanza nimekisoma mara mbili, na mara ya pili sikujua.

Ilikuwa hivi. Nilinunua *His Majesty's Dragon*, nikakimaliza. Mwezi uliofuata nikamkuta muuza vitabu vya mtumba ana kingine, jalada tofauti, jina *Temeraire*. Nikajua ndicho cha pili. Mpwa wangu, nilipoanza kusoma, akili zangu zilinitisha! Nahodha Laurence kateka meli ya Wafaransa, nikamwambia mke wangu, "Ngoja, humo mna yai la joka." Yai likaonekana. "Litaanguliwa hukohuko baharini." Likaanguliwa. "Sasa kijana aliyeangukiwa na kura ya kulivisha kinda mikanda, litampita, litamfuata nahodha." Likampita. Mke wangu, ambaye hasifu kitu, aliweka chini kisu na kitunguu akanitazama. Siku tatu niliheshimiwa katika nyumba ile. Kisha mwanangu mdogo akasoma yale maandishi madogo ya kurasa za mwanzo: kitabu ni kilekile cha 2006, Wamarekani wamekipa jina *His Majesty's Dragon*, Waingereza *Temeraire*.

Watoto wa siku hizi hawana adabu.

Tatizo lako lilikuwa nini vile? Ah, usingizi. Bila shaka umenasa kwenye mambo ya meli. Ruka! Laurence mwenyewe hakai kwenye meli ile. Anaacha jeshi la maji, anakwenda Loch Laggan kule Scotland kufundishwa vita vya angani. Huko joka hupakia watu kama daladala ya saa kumi na mbili jioni: wapiga bunduki, watoto wa kutumwa, kila mtu kajinasa kwa kulabu kwenye mikanda asianguke. Nawe fanya hivyo. Jifunge kitini kwa kanga mbili. Mimi nilijifunga, mgeni akabisha hodi, nikamfungulia na kiti mgongoni. Alisema nimependeza.

Dawa ya pili, soma kwa sauti. Temeraire, joka zima la kupigana na Napoleon, husomewa na nahodha wake, hadi hesabu za Newton. Tafuta wa kumsomea. Mbuzi anafaa, ingawa wangu alikula ukurasa wenye habari za vita vya baharini vya Trafalgar. Hasara kubwa, kwa sababu katika historia Nelson, amiri wa Waingereza, aliuawa pale tarehe 21 Oktoba 1805, lakini kwa Novik… basi, nafunga mdomo. Mbuzi ndiye anayejua.

Mhariri ananionyesha saa. Haya, upesi: hivyo tisa visikutishe, cha kwanza kina vita vyake na mwisho wake, ukikimaliza unaweza kulala. Soma kurasa 50 kabla ya Jumapili. Na mchumba akikuletea cha pili, tazama jalada kwanza. Kinaitwa *Throne of Jade*. Kikiwa na jina la *Temeraire* peke yake, mrudishie.