Mkwe Hadakwi

Miongoni mwa neema nyingi zilizoletwa na barabara ya lami itokayo Dar es Salaam kwenda kusini, ambayo hupita Mkuranga na Jaribu kabla ya kuwasili Bungu, haifai kuisahau hii: kwamba mtaalamu wa kuwapatanisha watu ambao hawajagombana aweza kuondoka kwake mjini baada ya sala ya alfajiri, akatufikia chai haijapoa, akatupatanisha, akala wali kwa samaki wa Nyamisati, na magharibi ikamkuta amekwisha rejea barazani pake.

Sisi tuliohitaji kupatanishwa tulikuwa wafanyakazi wa ghala la korosho: Bibi Mhasibu, Mndengereko wa papo hapo Bungu, mwenye staha na miwani; karani wa mizani, Mnyamwezi aliyeletwa na riziki kutoka Tabora; mlinzi, mzee wa Kizaramo kutoka Kisarawe; mkuu wa makuli, kijana mwenye mabega kama milango, ambaye Mungu alimjaalia kumwoa binti wa Bibi Mhasibu; na mimi, mwandishi wa stakabadhi. Asiyeijua kazi hii hudhani ni kubeba na kupanga tu, ilhali msimu ukianza mwezi wa Oktoba kila gunia huwa na kesi yake. Bambo huchoma gunia, korosho chache hutoka kutoa ushahidi juu ya wenzao walio ndani, mkulima huapa kwamba zimeanikwa zikakauka, mizani hunena yake, kalamu huandika, na fedha hazionekani mpaka mnada upite. Na katika muda huo wote wa kungoja, mnunuzi wa kangomba yuko kichochoroni na noti mkononi, akimtazamia mkulima atakayekata tamaa. Kwa hiyo mwenye bambo, mwenye mizani na mwenye kalamu wakikosana neno moja mbele ya watu, mzigo wa kesho hauji ghalani, huenda kichochoroni.

Hapo ndipo wakubwa, kwa nia njema ambayo siishuku, walipotuletea semina ya ujenzi wa timu. Mwezeshaji alikuwa kijana nadhifu, mwenye makaratasi makubwa ya kubandika ukutani na kalamu za rangi nne. Alitueleza kwamba msingi wa ushirikiano ni kuaminiana, na kwamba kuaminiana hupimwa hivi: mtu husimama, hufumba macho, hujiangusha kinyumenyume kama mnazi uliokatwa, na mwenzake aliye nyuma humdaka. Akatupanga wawili wawili kwa kura. Kura, ambayo haina adabu wala haijui ukoo wa mtu, ikampangia Bibi Mhasibu mkwilima wake.

Msomaji wa pwani amekwisha shika kichwa. Lakini mwezeshaji hakushika chochote ila saa yake. Bibi Mhasibu, ambaye kwa mujibu wa kanuni hakuambiwa aliye nyuma yake ni nani, alijitanda kanga vizuri, akapiga bismillahi, akafumba macho, akaanza kulala hewani; na hapo hapo akasikia kikohozi alichokitambua, kwani ni kikohozi ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikitoka uani kila yeye aingiapo sebuleni kwa binti yake. Kurudi wima hakukuwezekana tena. Naye kijana, aliyebanwa baina ya aibu mbili, ya kumwacha mama mkwe avunjike kiuno na ya kumkumbatia hadharani mbele ya makuli wake, alibuni ya tatu: alinyakua robota la magunia matupu, akalirusha kwa ustadi wa kazi yake mahali hasa palipokuwa pakingoja mgongo wa mkwewe, kisha akatokea mlango wa nyuma, asionekane tena mpaka baada ya alasiri. Bibi alitua salama salimini, miwani mahali pake, vumbi la katani limemfunika kama wingu.

Mwezeshaji akaandika kwa kalamu nyekundu: hapana kuaminiana. Mlinzi naye, kwa kutaka kuifuta fadhaa, akamgeukia mtani wake, karani wa mizani, akamwambia, "Wewe mtumwa wangu, zamu yako ikifika anguka tu, mimi narithi shati." Karani akamjibu kwamba Mzaramo hawezi kudaka hata mafua. Sote tukacheka, Bibi akiwa juu ya magunia yake akacheka kuliko sote. Na mwezeshaji akachukua kalamu nyeusi, akaandika: lugha ya udhalilishaji kazini.

Laiti angalisoma! Mwingereza Radcliffe-Brown alikwisha eleza mwaka 1940 kwamba kumwepuka mkwe na kumtania mtani ni njia mbili za kutimiza jambo moja, yaani kuwaweka pamoja kwa amani watu ambao kuna sababu ya kuwaunganisha na sababu ya kuwatenga, na R. E. Moreau, bingwa wa ndege aliyefanya kazi Amani kule Usambara, aliona katika miaka ya 1940 kwamba utani wa Tanganyika ni mada ya kumpumzisha mtu kidogo na ndege wake. Sisi hatukuwa na maandishi hayo ghalani, walakini tulikuwa na mambo yenyewe. Mlinzi alipofiwa na mama yake, karani alikwenda Kisarawe, akalala chini mbele ya jeneza akidai ushuru wa kupita, mpaka waliokuwa wakilia wakacheka huku wakilia. Aliporudi alikesha zamu za mtani wake bila ya kuombwa, na bila ya kuacha kumsimanga kila asubuhi kwa hasara aliyomtia.

Ama Bibi na mkwilima wake, hao hawakuambiana neno moja ana kwa ana. Kijana alisema, "Mwambie mama magunia ni arobaini," nami nikasema, "Mama, magunia ni arobaini," naye akasema, "Mwulize ameyahesabu mwenyewe?" Siku niliyokosekana kwa homa waliiambia mizani. Ni mwendo wa kuchosha, nakiri. Lakini hesabu inayosemwa mara mbili na kusikiwa na watu watatu haipotei kwa urahisi, na sijaona kalamu ya rangi yoyote iliyobuni ukaguzi ulio bora kuliko ule.

Baada ya majuma machache ikaja barua ya kutaka karani na mlinzi wajieleze kwa matusi. Waliandika jibu moja, karani akinena na mlinzi akisahihisha, na katika kila aya walibishana ni nani mtumwa wa nani, mpaka nikalazimika kulinakili upya. Jibu la jibu lile halikuja.

Nawe msomaji, kama umepangiwa safari ya kuja Bungu kutufundisha kupendana, njoo kabla msimu wa korosho haujaanza, na kabla hujatupanga wawili wawili mwulize mzee yeyote utakayemkuta barazani ni nani aliyemwoa binti wa nani. Hatakudai posho.