Mama Mkwe na Wapelelezi wa Baltimore

Ndugu yangu unayekaa na mke, watoto, shemeji na mama mkwe chini ya bati moja, wewe utanielewa bila maelezo mengi. Runinga niliinunua mimi, lakini rimoti ina wenyewe. Saa mbili usiku ni taarifa ya habari. Saa tatu inaingia tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na hapo hakuna wa kugusa kitu. Kwa hiyo niliposema nataka tuitazame tamthilia ya polisi, The Wire, tangu mwanzo, suala lilikwenda barazani. Shemeji, tunayemwita Afande kwa kuwa alipitia mgambo zamani na hadi leo hajamaliza kutusimulia, aliunga mkono. Mke wangu, Mama Zuhura, alisema sawa, ila akisinzia asiamshwe, maana ametoka zamu ya wodini. Mama mkwe, ambaye mimi humwita Hakimu (si mbele yake, Mungu aniepushe), hakusema neno. Alisogeza mkeka wake karibu na runinga akaendelea kusuka ukili. Kiingereza hajui hata cha kuombea maji.

The Wire ilianza kuonyeshwa Marekani Juni 2002 kwenye HBO, na msimu wa kwanza una sehemu 13. Aliyeibuni, David Simon, alikuwa mwandishi wa habari za uhalifu wa gazeti la The Baltimore Sun. Mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi katika polisi wa jiji hilohilo la Baltimore, kisha akawa mwalimu wa shule. Watu hawa polisi hawakuisoma vitabuni. Ndiyo maana sehemu zile za mwanzo huniuma sana zinapoteleza.

Ya kwanza inabeba watu wengi mno. Kijana D'Angelo Barksdale anaachiwa huru mahakamani baada ya shahidi kugeuza maneno kizimbani, mpelelezi McNulty anaitwa na jaji na kumwaga malalamiko yake, na kabla hujashika jina la huyu wanaingia wengine sita. Mama Zuhura alilala kesi haijaisha. Halafu ikaja ile klabu ambako kundi la Barksdale lina ofisi, wasichana wanacheza bila nguo, na mama mkwe ameketi hatua mbili kutoka kwenye kioo! Niliipapasa rimoti, haina betri. Betri zilikwishahamia kwenye saa ya ukutani kwa amri ya Hakimu mwenyewe, asije akapitwa na swala ya Isha. Aliyeokoa jahazi ni Mama Zuhura. Sijui aliamkaje, aliivuta khanga begani akairusha juu ya runinga, na tukabaki tunawasikiliza wauza unga wa Baltimore wakiwa wamefunikwa gubigubi. Mtoto wetu mdogo, Redio Mbao, alikuwa amechungulia kutoka koridoni. Asubuhi yake jirani alikuja mapema sana kumjulia hali bibi.

Khanga ilipoondolewa tukakuta mwisho wa sehemu ile. Shahidi wa pili, yule mzee ambaye hakugeuza maneno, ameuawa, na hapo wanaturudishia kipande cha picha yake akiwa mahakamani ili tusimsahau. Simon amesimulia kwamba HBO ndio waliokitaka. Mimi nakichukia kipande kile. Mtazamaji aliyekaa saa nzima na kundi la watu asiowajua amekwisha kuonyesha kwamba yuko tayari kufikiri. Ya nini kumshika mkono mlangoni?

Ya pili ilimpata Afande pabaya. Askari watatu wamelewa, wanakwenda usiku wa manane kwenye maghorofa ya mtaa wa kimaskini kujionyesha, na mmoja, Prez, anampiga mtoto wa miaka 14 kwa kitako cha bastola hadi jicho linapotea. Afande alisimama, akasema huyo si askari, ni aibu ya sare. Hatukuweza kumkalisha. Naiona sehemu ile ni nzito kuliko ya kwanza kwa sababu kosa lile halisawazishwi kwa hotuba ya mtu yeyote.

Ya tatu ina kile kisa cha sataranji, ambapo D'Angelo anawakuta vijana wake wanacheza drafti kwa kete za sataranji, akawafundisha mchezo wenyewe: mfalme, malkia, na kete ndogo zinazokufa mapema. Kijana wetu mkubwa, Kamanda, anayeshinda kijiweni akicheza drafti kwa vizibo vya soda, aliirudisha mara kadhaa. Waigizaji ni hodari kweli, lakini naona maneno yale yamenyooka mno. Kila kete imepewa mtu wake, na kazi yangu mtazamaji nimefanyiwa.

Halafu ikaja ya nne. McNulty na mwenzake Bunk wanaingia jikoni alikouawa msichana mmoja, na kwa dakika kama tano hawasemi kitu ila tusi moja lilelile, kwa kila sauti. Mama Zuhura alikwishakamata khanga. Hakimu akainua mkono: “Iache.” Ukili ulikuwa umetulia mapajani. Wapelelezi wale wakatandaza picha sakafuni, wakanyoosha tepu ya kupimia, wakasimama pale aliposimama marehemu. Wakati Bunk bado anazunguka, mama mkwe akasema, “Risasi imetoka nje. Dirishani hapo.” Na kweli, ilipita dirishani, risasi wakaichomoa kwenye mlango wa friji, na ganda lake wakaliokota uani. Akageuka kwangu. “Hawa wanafanya kazi, baba. Wale wa juzi walikuwa wanaongea.”

Sijasoma mhakiki aliyeipima The Wire vizuri zaidi ya hapo.

Kuanzia ya tano tamthilia imeshika njia. Vijana wa Barksdale wanatumia peja na simu za mtaani, na namba wanazotumiana ni fumbo: kila tarakimu inabadilishwa na ile iliyo ng'ambo ya 5, kwa hiyo 1 inakuwa 9 na 2 inakuwa 8, huku 5 na 0 zikibadilishana. Kamanda akataka kulijaribu kwenye kitochi cha bibi yake. Akabonyeza na kubonyeza hadi simu ikaenda kwa mama mdogo Tanga, saa tano usiku, na wewe unajua simu ya saa hizo huwa ya nini. Mama mdogo aliianza kwa kilio. Hakimu alimtuliza, akamtajia wazima wote mmoja mmoja, hadi vocha niliyoweka asubuhi ikaisha. Kisha akauliza yule askari mpiga watoto amefika wapi na zile namba, kwa sababu aliyelifumbua fumbo lile ni Prez huyohuyo, na Afande alikuwa amegoma kumtazama.