Shangazi Anajibu: Mchumba Anayekimbia Kutwa

*Shangazi, mchumba wangu yuko Leicester. Kila tukiongea anachanganya Kiingereza, na kila kitu chake ni 'run', neno ambalo shuleni nilifundishwa ni kukimbia. Pua inakimbia. Soksi imekimbia. Maji ya kuoga anayakimbiza, na duka la mjomba wake pia. Nimtafutie mganga?*
Asiyelala, Tanga

Hela ya mganga iweke. Mwenzio ana mafua, soksi yake ya nailoni imefumuka uzi, kafungulia maji bafuni, na duka analisimamia. Yote hayo Mwingereza kalibebesha neno moja. Peter Gilliver, mhariri wa kamusi kubwa ya Oxford, alilikalia 'run' miezi tisa akapata maana 645, tena za kitenzi peke yake! Katika toleo la 1989 bingwa alikuwa 'set', mwenye maana 430. Mashine nazo zimemnenepesha huyu 'run': treni, injini, saa, na sasa programu za kompyuta, zote zinakimbia, hata iliyotulia mezani.

Ila akikwambia ame-'run into' mchumba wake wa zamani, usishangilie ukidhani kamgonga na gari. Wamekutana tu. Hapo sasa kesha.

*Shangazi, nautaka ubunge. Binamu yangu wa Marekani ananiambia nikimbie, wa London ananiambia nisimame. Nimsikilize nani?*
Mheshimiwa Mtarajiwa, Mkuranga

Wote wako sahihi kwao. Mgombea wa Marekani hukimbia. Wa Uingereza, kwa desturi, husimama. Wewe wa Mkuranga utagombea, na ugomvi utaukuta ndani ya chama chako mwenyewe, kwenye kura za maoni.

*Shangazi, mimi Mwingereza, najifunza Kiswahili Moshi. Mama mwenye nyumba ni mpole, lakini alfajiri anapiga mswaki, kisha anapiga deki, anapiga pasi, na jioni anapiga magoti. Jana kanipiga picha. Niwaite polisi?*
Mgeni Mwoga

Mwanangu, kuwaita polisi itabidi uwapigie simu, na wakifika watakukuta na wewe mpigaji. Mama wa watu hana kosa. Msaidie deki.

Wenye barua za 'get', vuteni subira. Za 'run' bado zimejaa mezani.