Safu Mbili za Kilo Moja

Safu nilizokuwa nazijua ni mbili tu: hii aliyonipa mhariri, na ile ya milima ya Rwenzori inayotuinamia hapa Kasese. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyowahi kuzaa usiku. Wiki iliyopita kompyuta ya ofisini ilinizalia ya tatu, nami nikashinda nayo siku mbili kama mtu aliyeachiwa mtoto mlangoni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kitoto. Tunanunua kahawa katika vituo viwili, kimoja hapa mjini na kingine Bwera, jirani na mpaka wa Mpondwe, kati ya Uganda na Kongo. Kila kituo kina jedwali lake la Excel: jina, kijiji, simu, kilo. Mwisho wa mwezi nayapanga moja chini ya jingine kwa Power Query, nayapakia kwenye modeli ya data, napata hesabu, nakwenda kula bundu. Mwezi huu bundu ilipoa. Modeli iligoma: safu hiyo tayari ipo.

Ipo wapi? Nikachungulia. Safu ya kilo ilijaa vizuri hadi wakulima wa Kasese walipoishia, kisha tupu mpaka chini. Pembeni yake imekaa safu nyingine ya kilo, tupu juu, inaanza kujaa pale Bwera inapoanza. Nikafuta, nikaunganisha upya. Zikarudi zote mbili. Nikazima kompyuta nikaiwasha, maana hiyo ndiyo dawa yetu ya kila ugonjwa. Zikarudi, tena naona kama zinacheka.

Siku ya pili, pua ikiwa karibu kugusa kioo, ndipo nikaona. Kasese tunaandika Kilo. Bwera wanaandika kilo. Herufi moja! Power Query ni afisa wa mpakani aliyeamka vibaya: herufi kubwa na ndogo kwake ni watu wawili, kila mmoja na foleni yake. Modeli ya data, iliyokaa dirisha linalofuata, haijali ukubwa wa herufi. Kwake huyo ni mtu mmoja, na mtu mmoja haingii mara mbili. Wa kwanza anakugongea mihuri miwili, wa pili anakukamata kwa kuwa nayo.

Nikampigia karani wa Bwera.

"Kijana, kwa nini kilo unaiandika kwa herufi ndogo?"

"Mzee, kwani ikiwa kubwa inaongeza uzito?"

Nikakata simu. Dawa ni kusawazisha vichwa vya safu kabla ya kuunganisha. Ukishaunganisha, kila jedwali limeshakuja na kilo yake. Nikavigeuza vyote vikawa vya herufi ndogo, kijana asije akasema namwonea. Ikapakia mara moja.

Kichwa kikanivimba. Nikalichukua na jedwali la mikopo ya wakulima, nikataka kulioanisha na la kahawa kwa jina la mkulima. Kwa jina! Mimi Mkonzo mzima, mtoto wa kiume wa tatu kwa mama yangu, kwa hiyo Mkonzo mwenzangu hana haja ya kuniuliza naitwa nani. Kwetu jina ni zamu ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza Baluku au Mumbere, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, kwa wasichana Masika, Biira, Kabugho. Majina ya ubatizo nilikuwa nimeyaacha, kwa sababu Yohana wa kituo hiki ni John wa kituo kile. Kwenye kahawa walikuwamo akina Bwambale 12, kwenye mikopo 9, na kompyuta, kwa utiifu wote, ikamkutanisha kila mmoja na kila mmoja. Mistari 108. Kuna Bwambale aliyelala hana deni akaamka na madeni tisa.

Na bado kuna mpaka. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kasindi, ndugu zetu Wanande wana zamu hiyo hiyo kwa matamshi yao: Bwambale wetu ni Kambale wao, Masereka ni Kasereka, Baluku ni Paluku. Mzee mmoja mwenye ndugu pande zote mbili ameandikwa Bwambale kwenye kahawa na Kambale kwenye mikopo. Hapo mashine iliyozidisha 12 kwa 9 bila aibu ikasema watu hawa hawajuani.

Nikajaribu namba za simu. Simu moja, ndugu watatu.

Basi nikachapisha kadi za namba, kila mkulima na yake, nikapanda teksi kwenda kuzigawa mwenyewe. Kwenye njia panda ya Kikorongo, jirani na Ikweta, nikaukumbuka mstari ule kwa wivu: unaizunguka dunia nzima na haujirudii. Bwera nikakuta watu wamejaa kwenye mizani, magunia hadi barabarani. Nikachomoa kadi ya kwanza, nikaita, "Bwambale!"

Wanaume sita wakageuka. Wa saba, Kambale, akageuka nusu.

"Wa kilo ngapi, mzee?" mmoja akauliza.