Jinsi ya Kushuka Shimoni Macalder Msimu wa Mvua na Kupanda Ukiwa Mzima

Hatua ya kwanza ni kutoshuka. Mvua ya usiku ikikatika na jua likachomoza juu ya machimbo ya dhahabu ya Macalder, kaunti ya Migori, Kenya, baki juu, nunua chai, jadili siasa za Nyatike mpaka zikuchoshe. Dhahabu ya ukanda huu imo ndani ya miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Inaweza kusubiri hadi Alhamisi.

Najua ushauri huo haumlishi mtu. Mchimbaji aliyekosa kazi siku tatu ana deni dukani, na asubuhi ya jua ndiyo anayoingoja. Hiyo ndiyo asubuhi mbaya. Juu ardhi imekauka, lakini ndani maji bado yanashuka kupitia nyufa, yanauongezea udongo uzito na papo hapo kuulegeza. Wapanda milima wa Uswisi wanaijua hatari ya namna hiyo. Theluji inapoanza kuyeyuka baada ya majira ya baridi, huondoka gizani na kujitahidi kushuka kabla ya adhuhuri, kwa sababu jua likiilowesha theluji, mteremko mzima unaweza kung'oka. Wao huandaliwa taarifa ya hali ya theluji kabla ya safari. Wewe taarifa yako iko kwenye mdomo wa shimo, na ni lazima uisome mwenyewe.

Zunguka ukingo polepole. Ukiona ufa unaokwenda sambamba na ukingo, hata uwe mwembamba kiasi gani, leo hakuna kazi: ukuta umeshaanza kuachana na ardhi iliyo nyuma yake. Kifusi kilicholundikwa pembeni ni mzigo ulioubebesha ukuta uliolowa, basi kihamishie mbali kabla mtu hajashuka. Tazama magogo yanayoshikilia kuta. Gogo lililopinda linakuonyesha kwamba ukuta umesogea, na kuligonga kwa nyundo lirudi mahali pake ni kuchokoza kinachokusubiri. Sikiliza pia. Vijiwe vinavyodondoka bila kuguswa na mtu, na maji yanayochuruzika mahali palipokuwa pakavu jana, vyote ni amri ya kuondoka.

Mwenzako akisema, "Jana tulishuka na hatukufa," mjibu kwamba jana ukuta ulikuwa na maji kidogo kuliko leo.

Waulize wazee njia za mgodi wa zamani zilipita wapi. Mgodi mkubwa wa Macalder ulifungwa mwaka 1966, na njia zake za chini hazikufungasha virago pamoja na mitambo. Shimo jipya linaweza kutoboa njia ya zamani iliyojaa maji, na maji hayo yakifunguka hakuna ngazi itakayoyashinda mbio.

Pampu ya petroli ya kutolea maji isiteremshwe shimoni kamwe, hata kwa dakika tano. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu. Usitegemee mshumaa kukuonya, kwa maana utaendelea kuwaka huku wewe ukiishiwa nguvu. Pampu ikae juu, mahali ambapo upepo unaupeperusha moshi mbali na mdomo wa shimo, na bomba peke yake ndilo lishuke.

Washuke wachache, na juu wabaki watu wanaojua majina ya walio chini. Ukuta ukianguka, kumbuka kwamba mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa ina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Aliyefukiwa mpaka kifuani anaweza kukosa pumzi ingawa kichwa chake kiko nje. Kijiji kizima kitakimbilia ukingoni, na hapo ndipo ukuta wa pili huanguka juu ya waokoaji. Warudisheni watu nyuma, zimeni mashine zinazotikisa ardhi, kisha wachache wachimbe, kwa mikono wakimkaribia mtu. Huko Nyangalata, wilaya ya Kahama, Tanzania, wachimbaji watano walitolewa hai mwaka 2015 baada ya siku 41 chini ya ardhi. Walikuwa na nafasi, hewa na matone ya maji. Anayefunikwa na udongo wenyewe hana hata kimoja cha hivyo, na anahesabiwa dakika.

Sasa jambo linaloniuma kuliko yote. Mwenye shamba, mwenye shimo na wachimbaji hugawana mawe yanayotoka, kwa hiyo kila mwenye sauti pale ana sababu ya kusema "shukeni". Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuweka kamati kwa ajili yao katika kaunti, lakini kamati haiwezi kusimama kwenye kila shimo saa kumi na mbili asubuhi. Basi mchagueni mtu mmoja asiye na mgao katika shimo hilo. Mama anayeosha mchanga kwa karai jirani na hapo anaweza kuifanya kazi hii akifundishwa vizuri. Yeye akague, yeye afunge, na asibishiwe na yeyote, hata mwenye shimo. Tengeni kitu kidogo kutoka kila gunia la mawe kwa ajili yake, na siku ya kufunga alipwe sawasawa na siku ya kufungua.