Namna ya Kumziba Mdomo Mhusika Wako

Mnyang'anye mhusika wako maneno "kama unavyojua", na usimrudishie hata akilia. Mtu akishajua haambiwi. Hadithi nyingi zinazoandikwa leo zina watu wanaosimuliana maisha yao wenyewe utadhani wanasoma taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Tazama mwenye nyumba wa Tanga aliyekuja kudai kodi:

"Mama Zuhura, kama unavyojua, mimi ni mwenye nyumba wako Mzee Shomari, na hujalipa kodi miezi mitatu tangu mumeo Athumani aachishwe kazi bandarini!" alifoka kwa hasira.

Hapo hakuna mazungumzo. Mwandishi kajificha nyuma ya kanzu ya mzee wa watu, anatusomea faili. Sasa mnyime Mzee Shomari neno "kodi", uone atakavyohangaika:

"Hodi."

"Karibu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Wamekwenda chuoni."

"Naona taa ya barazani siku hizi inakesha."

"Nitaizima, mzee."

"Umeme ghali."

"Athumani akirudi nitamwambia."

"Akirudi kutoka wapi? Juzi nimemwona sokoni, kakaa tu."

Kodi haikutajwa, miezi haikuhesabiwa, na jasho linamtoka mama wa watu. Msomaji ameunganisha mwenyewe, ndiyo maana hataisahau ile taa. Kwetu mwenye shida haingii mlangoni nayo mkononi. Huulizia mbuzi, husifu chai, hulalamikia joto, na shida huitoa akiwa ameshasimama kuaga. Mwandishi anayeziruka hatua hizo anamnyang'anya mhusika adabu yake, na pamoja na adabu, ujanja wake wote.

Habari ikiwa lazima itoke, mlete mtu asiyeijua. Muhammed Said Abdulla, katika hadithi zake za upelelezi, alimweka Najum ubavuni mwa mpelelezi Bwana Msa, na kila Najum anapouliza, msomaji anapata jibu bila kuhisi anafundishwa.

Utaambiwa pia ufute salamu, ati zinajaza karatasi. Mimi nakataa. Salamu isiyobadilisha kitu ifutwe, naam, lakini kwa Kiswahili ugomvi mwingi huanzia humo humo. Kijana anayemwamkia baba mkwe "mambo" amekwisha kuposa na kukataliwa kwa neno moja. Shikamoo iliyokaa hewani bila marahaba inauma kuliko kofi, nayo haihitaji hata kielezi kimoja.

Vielezi hivyo, kwa hasira, kwa huzuni, kwa mshangao, viache mlangoni pamoja na viatu. "Alisema" inatosha. Watu wakifoka, wakinguruma na kubwata ukurasa mzima, msomaji hasikii tena wanachosema. Kama hasira haimo katika maneno yenyewe, yaandike upya maneno.

Halafu funika majina kwa kidole. Ukishindwa kujua nani anasema, una mhusika mmoja aliyevaa nguo tano. Kondakta wa daladala, shangazi wa Unguja na karani wa mahakama hawawezi wote kusema "kwa hakika jambo hili linanisikitisha". Shangazi atasema "hebu niondokee", kondakta atakwambia usogee nyuma, na karani ndiye huyo anayesikitika. Lakini usimzidishie: shangazi asiyefungua kinywa bila methali si shangazi, ni kamusi. Mpe methali moja, tena siku aliyokosa hoja.

Mhusika wa kuachiwa aseme mpaka achoke yupo. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, Karama anazungumza siku baada ya siku, nasi tunamsikiliza, maana amesimama mbele ya baraza kujitetea na roho yake iko rehani. Mhusika wako akiwa na kesi ya namna hiyo, mfungulie. Kama amekuja kuazima baiskeli tu, sentensi mbili zinamtosha, na kabla hajamaliza ya pili, mwenye baiskeli aanze kulalamikia bei ya tairi.

Ukimaliza, mwite mtu msomeane kwa sauti, yeye upande wake nawe wako. Palipomkwama ulimi pakate siku hiyo hiyo, hata kama ndipo unapopapenda kuliko pote.